Pufya na Deni la Aliyeshika Nafasi ya Pili



Nimeombwa nizungumzie maadili ya pufya katika mbio za kulipwa, na huenda mnatarajia nianze na sindano. Nitaanza na mtu asiye na kesi. Aprili 21, 2014, Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili katika Boston Marathon kwa saa 2:19:59, nyuma ya Rita Jeptoo wa kwetu Kenya aliyekata utepe kwa 2:18:57. Septemba mwaka huohuo Jeptoo alipimwa akakutwa na EPO. Mwaka 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilimfungia miaka minne na kufuta matokeo yake kuanzia Aprili 17, 2014, siku nne tu kabla ya Boston. Deba akawa mshindi, kwenye karatasi. Nyongeza ya zawadi pamoja na bonasi ya rekodi ya njia ile, jumla dola 100,000, hazikumfikia, maana waandaaji walisema watamlipa Deba iwapo Jeptoo atarudisha fedha zake, naye Jeptoo hakurudisha. Mwaka 2024 shabiki mmoja wa Marekani, ambaye hakuwa na deni na mtu, ndiye aliyetoa dola 75,000 mfukoni mwake kumpa Deba.

Semina nyingi nilizohudhuria hazimtaji Deba wala wenzake. Huzungumzia afya, asili, na jina la Kenya.

Hoja ya afya ina uzito. EPO ni homoni inayotengenezwa na figo. Huuamrisha uboho uzalishe chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni hadi kwenye misuli. Ile ya viwandani ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Mwanariadha mzima akijidunga, damu yake huwa nzito, na ikiganda inaweza kumuua usingizini. Lakini bondia hupigwa kichwani kwa malipo, mbele ya kamera, na hatumfungii. Afya peke yake haitufikishi mbali.

Hoja ya asili ndiyo dhaifu zaidi, na ajabu ni kwamba sisi wa Bonde la Ufa ndio tunaoipenda. Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake nyepesi huongeza chembe nyekundu zilezile zinazoongezwa na EPO, ndiyo maana Wazungu hujaa kwenye kambi zetu. Asiyeweza kuja hununua hema la hewa nyepesi akalala humo kwake Ulaya, na kanuni za kimataifa za pufya hazimkatazi. Viatu vyenye bamba la kaboni navyo vimeruhusiwa, kwa masharti. Mbio za kulipwa zimejaa vitu visivyo vya asili, na hakuna anayelia.

Kinachobaki ni mapatano. Anayesimama kwenye mstari amewaambia walio kando yake kwamba atakimbia kwa masharti yaleyale waliyoyakubali wao. Akivunja neno hilo kwa siri anachukua fedha na nafasi ya mtu, na mtu huyo ana jina.

Kuna wanaosema basi waruhusiwe wote, mchezo uwe wazi. Tukifanya hivyo, asiyetaka kudungwa atakuwa amefukuzwa kazi. Mwenye fedha atasimamiwa na daktari bingwa, na kijana wa kijijini atapimiwa dozi na muuza duka la dawa. Usawa huo ni wa maneno matupu.

Na umaskini? Nauheshimu, kwa kuwa najua mbio moja nzuri inaweza kununua shamba na kusomesha ukoo mzima. Ila anayeshika nafasi ya pili naye ana ukoo.

Tatizo ni kwamba adhabu zetu humwangukia mkimbiaji peke yake. Kanuni inasema mwanariadha huwajibika kwa chochote kinachokutwa mwilini mwake, na sioni kanuni nyingine inayoweza kufanya kazi. Kwa mfano, Ruth Chepngetich, mwenzetu aliyekuwa amekimbia Chicago Marathon kwa 2:09:56 mwaka 2024, alipimwa Machi 2025 akakutwa na haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayokatazwa kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine. Kipimo kilisoma nanogramu 3,800 kwa mililita; kikomo ni 20. Alieleza kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, maelezo ambayo kitengo cha uadilifu cha riadha duniani hakikuona kuwa ya kuaminika. Akakubali kosa, akafungiwa miaka mitatu. Jemima Sumgong, bingwa wa Olimpiki wa 2016, alifungiwa minne kwa EPO, ikaongezwa hadi minane kwa kutoa rekodi za hospitali zisizo za kweli.

Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kupambana na Pufya mwaka 2016, na mwishoni mwa 2022 serikali iliahidi dola milioni tano kila mwaka kwa miaka mitano ili tusifungiwe kama nchi. Fedha hizo zinapima na kuelimisha, jambo jema. Lakini hazimrudishii aliyeibiwa hata senti moja. Hapa waandaaji wa Boston wametutangulia: baada ya kelele za kesi ya Deba walitangaza mpango wa kuwalipa wenyewe wanariadha walionyimwa zawadi na wadanganyifu.

Pendekezo langu ni hili. Kila mkataba kati ya mwanariadha, kocha na wakala uwe na kipengele kinachosema kwamba matokeo yakifutwa, kila aliyekula zawadi atarudisha fungu lake, pamoja na kamisheni, ambayo mara nyingi ni asilimia 15. Na asiyetia saini asipewe kibali cha kusimamia mkimbiaji wa Kenya. Anayejua atarudisha fedha atauliza mapema zile chupa zilizo kwenye friji ya kambi zimetoka wapi. Najua mawakala waliomo ukumbini watasema wao hawakudunga mtu, na ni kweli. Mwenyekiti, ningeomba wapewe nafasi ya kwanza ya kujibu, na waanze kwa kutueleza kamisheni ya ushindi uliofutwa ni mali ya nani.