Biharamulo, Mji wa Kutua Uliogeuka Njia ya Kupita



Tumeombwa tuseme machache juu ya mji wa Biharamulo, nasi twaomba mtuvumilie, maana jambo lenyewe limebishaniwa kati yetu tangu matayarisho ya jubilei hii yalipoanza. Jana jioni wageni wetu wawili, walimu wa upande wa Ngara, walishuka garini na mizigo yao, wakamwuliza kijana mmoja mahali pazuri pa kulala, na kitu cha kutazama asubuhi kabla ya mkutano. Kijana akawaamkia kwa adabu, kisha akajibu, "Hapa hapana kitu cha kutazama, wazee wangu. Watu hupita tu." Wageni walicheka walipotusimulia habari hiyo. Sisi hatukucheka. Kijana yule si mjinga. Amesoma katika shule zetu, na waliomfundisha ni sisi. Ikiwa hajui kitu juu ya mji wake, ni nani aliyepaswa kumwambia?

Basi kwanza twataka ijulikane kwamba nchi hii zamani haikuwa nchi ya kupita. Wenyeji waliiita Rusubi, na watu wa misafara ya pwani waliiita Usui. Mwaka 1861 Mwingereza Speke na mwenzake Grant walifika huku wakitafuta chimbuko la mto Nili. Mtawala wa Usui, ambaye Speke amwandika kwa jina la Suwarora, hakuwaacha waende zao upesi. Walikawizwa siku nyingi, wakatozwa hongo ya nguo na shanga na waya, na hata walipopata ruhusa ya kuendelea Karagwe kwa mfalme Rumanika, katika mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Speke alikuwa amejaa manung'uniko. Hatumsifu Suwarora kwa kuwachosha wageni. Walakini yatupasa kuona jambo moja katika habari hii: aliyetaka kwenda Karagwe, na kutoka huko kwenda Buganda, alitua hapa. Alikula chakula cha hapa, akaacha mali hapa, akaondoka na habari za watu wa hapa. Tena majembe ya chuma yaliyofuliwa na Warongo katika nchi za Biharamulo na Geita yalikuwa bidhaa ya kutafutwa. Watu walikuwa na sababu ya kuja.

Wala mtu asituambie kwamba desturi ya kusafiri kwa ajili ya kupumzika na kutafuta afya ililetwa na Wazungu. Stanley alipokuwa Karagwe mwaka 1876 alikwenda Mtagata penye chemchemi za maji ya moto, ambazo leo zimo katika wilaya ya Kyerwa, akawakuta wagonjwa waliotoka nchi mbalimbali wameketi pale wakioga maji hayo. Hao walisafiri kwa miguu, bila kuitwa na tangazo lo lote. Waliitwa na sifa iliyotoka kinywa kwa kinywa.

Baadaye wakaja wamisionari, wakaanza kazi Katoke mwaka 1897. Nao Wajerumani walijenga boma lao juu ya kilima, mwanzoni mwa karne ya 20, nalo ndilo tunaloliona hata leo, na kuta zake nene. Mwaka 1916, vita vilipofika katika nchi hizi, Wajerumani waliondoka, boma likabaki. Katika miaka ya karibuni lilitengenezwa, likatumika kuwa nyumba ya kulaza wageni, na wasafiri waliolala humo wameandika habari zake katika vitabu vya safari. Mgeni wa mbali alijua habari za boma kabla ya kufika, na kijana wa hapa, aliyelitazama kila siku akienda shuleni, hakujua.

Sasa twafika penye mabishano yenyewe: mji huu umepungua kwa nini? Wengine husema ni barabara tu. Ni kweli malori yaendayo Rwanda na Burundi kutoka Dar es Salaam hushika njia ya Nyakanazi na Lusahunga, nayo haina haja ya kupanda hata mjini kwetu. Madereva hula na kulala Lusahunga, na biashara imewafuata huko. Lakini sisi twaona kwamba sababu ni nyingi, na nyingine ni za zamani kuliko lami. Sotoka iliua ng'ombe katika miaka ya 1890, na mahali palipokosa mifugo na watu pori lilirudi, na ndorobo pamoja nalo. Wakati wa Waingereza watu wa sehemu nyingi walihamishwa na kukusanywa vijijini kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Ndiyo maana misitu yetu ni mikubwa na tupu. Mgeni aisifu kwamba haijaguswa na mtu. Wazee wajua kwamba ndani yake mna mahali palipokuwa nyumba za watu.

Halafu mipaka. Mwaka 2005 Chato ilitengwa na Biharamulo ikawa wilaya, na mwaka 2012 ikaingia katika mkoa mpya wa Geita, ukaenda nao ufuko mrefu wa Ziwa Viktoria. Hatuwaonei wivu ndugu zetu wa Chato. Ila zamani mtu aliyekwenda kisiwa cha Rubondo, ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, na ambako sokwe 17 walifunguliwa porini kati ya miaka 1966 na 1969, angeweza kuambiwa kwamba anapita Biharamulo. Siku hizi jina letu halimo katika safari hiyo.

Na jambo lililotuumiza kuliko yote ni hofu. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda kama wa siku moja. Ngara iliwapokea. Walimu wengi mlioketi hapa mliyaona hayo kwa macho yenu, au mlisimuliwa na wazazi wenu: Benako iliyokuwa kituo cha wajenzi wa barabara iligeuka mji wa turubai. Hatuwalaumu watu waliokimbia kifo. Lakini kuni zilitakiwa, nyama ilitakiwa, na wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo wakawindwa kupita kiasi. Silaha nazo zikaenea. Hata baada ya wakimbizi wengi kurudishwa kwao, mwezi wa Desemba 1996, wanyang'anyi waliendelea kuvizia njiani, na mabasi yakawa yakisindikizwa na askari wenye bunduki. Msafiri aliyevuka pori letu siku zile alivuka akiomba Mungu, na alipofika mwisho alishukuru kwamba hakulazimika kulala. Wanyang'anyi wale wameondoka, lakini hofu waliyoiacha ingali ikisimuliwa mbali na hapa.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa, yakafanywa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Ndani yake mna Ziwa Burigi, mna tembo na twiga na korongo na nzohe, mnyama aishiye penye mafunjo na matope. Ni heri kubwa kwa nchi yetu. Wengine katika baraza letu walinung'unika sana kwamba pori la Biharamulo limetoa ardhi, na jina lake halikuandikwa. Sisi nasi tulinung'unika, twakiri. Lakini mgeni hafuati jina lililoandikwa langoni. Hufuata mahali alipokaribishwa vizuri, na hapo bado tuna nafasi.

Yuko mzee mmoja aliyesimama katika baraza akapinga habari zote za boma. Alisema hivi: "Babu yangu alibeba mawe ya nyumba ile, na nyuma yake alisimama askari na kiboko. Ndani yake watu walifungwa kwa kukosa kodi. Leo mwataka nilipake chokaa, niwauzie wageni chai? Liacheni lianguke." Watu walinyamaza. Tena si neno la kujibiwa upesi, maana ni kweli.

Tumelifikiri neno lake majuma mengi. Tumewakumbuka ndugu zetu wa Songea, ambako mashujaa wa vita vya Maji Maji walinyongwa mwaka 1906. Mahali pale hapakufichwa. Pana makumbusho, na watoto wa shule hupelekwa wakaambiwa majina ya waliokufa. Tumekumbuka Mkunazini katika mji wa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa papo hapo. Watu wa mataifa yote huenda pale wakatoka wameinamisha vichwa. Hakuna anayesema kwamba watu wa Unguja wanasifu utumwa. Boma likianguka, babu wa mzee wetu atasahauliwa pamoja nalo, na mtesi wake ataponea katika vitabu vya kwao. Tulimwambia hivyo. Alijibu kwamba boma lisimame basi, lakini mgeni asiingie mle akaonyeshwa kuta peke yake, bila kuambiwa ni nani aliyezijenga. Sisi tuliokuja kumshinda kwa maneno tukaona yeye ndiye aliyetufundisha. Tulikuwa tukifikiri habari za vitanda na madirisha.

Wengine walisema tungoje tajiri wa kujenga hoteli kubwa. Haya, tumengoja. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, uliomo katika wilaya hii, ulifunguliwa mwaka 2005, na mwaka 2013 kampuni ya wageni iliuachia Shirika la Madini la Taifa. Hatuna neno baya juu ya mgodi. Vijana wetu walipata kazi. Twasema tu kwamba miaka minane ni michache, na aliyedhani mji utapata uzima wake wote chini ya ardhi alihesabu vibaya. Hoteli ikija, na ije. Lakini mgeni atakayelala humo atauliza swali lile lile walilouliza walimu wa Ngara, naye atajibiwa na kijana yule yule.

Tazameni tulivyo navyo. Misitu ya miyombo yatoa asali ambayo watu wa Mwanza na Bukoba wainunua. Lakini hapa kituoni yauzwa katika chupa kuukuu za maji, bila jina la mahali ilikotoka, wala mnunuzi hajui kama ni asali tupu au imechanganywa na sukari. Upande wa Ngara mna maporomoko ya Rusumo katika mto Kagera, ambapo von Götzen alivukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Leo pana daraja jipya, na mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawiwa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Msafiri aweza kuyaona maporomoko asubuhi, akafika Biharamulo kwa lami, akalala juu ya kilima penye hewa ya ubaridi, na kesho yake akaingia Burigi. Ni safari nzuri. Ni watu wangapi wamewahi kuelezwa hivyo kwa mpango mmoja? Ngara husema habari za Ngara, nasi husema za kwetu, kama kwamba mto Ruvubu na pori la Kimisi ni nchi za kigeni.

Tena, mama zetu mtusamehe, tuseme na habari ya choo. Mgeni husamehe kitanda kigumu. Husamehe ugali uliopoa. Choo kichafu hakisamehe, na habari yake huifikisha kwao kabla ya habari ya tembo. Vile vile na bei: katika nyumba moja ya kulala, ambayo hatutaitaja, tulisikia mwenyeji ametajiwa bei moja, mtu wa Dar es Salaam nyingine, na Mzungu ya tatu. Waliokuwa wakicheka pale hawakujua kwamba wote watatu hawatarudi.

Walimu wametuuliza, "Sisi tufanye nini? Hatuna fedha, wala boma si letu." Kweli boma ni la Serikali, na ruhusa yake huombwa kwa wenye mamlaka, tumeiomba, tumepewa. Habari zilizomo vinywani mwa wazee hazihitaji ruhusa. Wangali wako wazee wanaojua majina ya Kisubi ya vilima hivi na sababu ya kila jina, na nyumba za nani zilikuwa wapi kabla ya malale kuwahamisha. Mwaka jana tulizika wanne wa namna hiyo, na hakuna aliyekuwa ameandika hata ukurasa mmoja.

Basi kesho saa tatu asubuhi tutakutana mbele ya boma. Kila shule ilete watoto sita wa darasa la sita, na yule kijana wa kituoni tumemwalika. Amekubali kuja ijapokuwa ana haya. Mzee wetu atakuwako. Ameomba aletewe kiti, kwa sababu ya magoti, na amesema ataanza na habari ya mawe, kwamba yalitolewa wapi na yalibebwa na nani. Watoto waje na daftari na kalamu, na walimu pia.