Safari ya Raga Huanza Nyumbani: Jiandae Mapema, Usitapeliwe

Hii ni hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wachezaji, wazazi na mashabiki wa raga mjini Kisumu.



Nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wa 2022 Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kila upande lilichezwa Afrika kwa mara ya kwanza, jijini Cape Town, Septemba 9 hadi 11. Wakati huo Mkenya alihitaji viza ili kuingia Afrika Kusini. Mimi, mwanahabari niliyesomea kazi hii chuo kikuu, nilimtumia mtu Sh38,000 kwa simu kwa sababu aliniambia ana mtu wake ndani. Wiki ya safari ilipofika, simu yake ikawa mteja. Fiji walitwaa kombe nikiwatazama kwenye runinga ya dada yangu, Nyalenda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ile viza ningeweza kuiomba mwenyewe.

Leo nazungumza kwa sababu Kombe la Dunia la raga ya wachezaji kumi na watano linakuja Australia, Oktoba 1 hadi Novemba 13, 2027. Timu zitakuwa 24. Simbas wetu hawakufuzu, lakini Afrika Kusini watatetea taji lao, na Waafrika wenzetu Zimbabwe wanarudi kwa mara ya kwanza tangu 1991. Najua humu ndani kuna chama ambacho tayari kinaweka akiba ya safari. Hongereni. Lakini pia nimeonyeshwa ujumbe unaozunguka kwenye WhatsApp, unaowaahidi vijana "viza ya raga" na kazi uwanjani, mradi watume pesa za usajili. Tuelewane vizuri: viza ya mgeni anayekwenda kutazama mechi haimruhusu kufanya kazi. Anayekuuzia moja akiiita nyingine anakuuzia matatizo.

Sasa tufuate hatua moja baada ya nyingine.

Kwanza, pasipoti. Ombi linafanywa kwenye eCitizen, kisha unafika mwenyewe ofisi ya uhamiaji kupigwa picha na kutoa alama za vidole. Ofisi ipo hapa Kisumu, huna haja ya kupanda basi la usiku kwenda Nairobi. Ada za serikali hulipwa kupitia nambari 222222, si kwa nambari ya simu ya mtu. Kama tayari unayo pasipoti, ifungue leo usiku uangalie tarehe ya kuisha. Mzazi wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, fahamu kwamba idhini ya wazazi itahitajika. Usingoje wiki ya mwisho.

Pili, viza. Ombi la Australia hufanywa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali yao. Utaulizwa pesa za safari zinatoka wapi, na una nini cha kukurudisha nyumbani: kazi, biashara, masomo au familia. Sema ukweli. Barua ya klabu inasaidia kueleza safari, lakini kila mtu hupimwa kivyake. Tena, tiketi ya mechi si viza. Usilipe nauli ya ndege isiyorudishwa kabla ya kupata jibu.

Tatu, chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya ataulizwa kadi yake ya manjano. Cheti huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo chanjo ya siku ya kuondoka haitakufaa.

Nne, mizigo. Australia ni wakali sana kuhusu vyakula, mbegu, ngozi, mbao na udongo. Mama akikufungia omena, iandike kwenye fomu ya kuingia uwaonyeshe maafisa. Hata wakiichukua, hujavunja sheria. Ukiificha, unaweza kutozwa faini papo hapo au kufutiwa viza. Ngoma ya ngozi ya kushangilia nayo iandike. Wachezaji, osheni viatu vyenu mpaka kwenye meno ya chini. Tope la Mamboleo libaki Mamboleo.

Tano, hesabu. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Kenya, utabadilisha njiani. Mechi zitachezwa katika miji saba, na kutoka Perth hadi Sydney pekee ni kama saa nne hadi tano angani. Chagueni mji mmoja au miwili, msije mkamaliza akiba ya chama kwenye nauli. Na kwa sisi tutakaobaki, mechi ya saa mbili usiku Sydney itakuwa saa sita mchana hapa Kisumu. Tutatazama bila kukosa usingizi.

Kwa vijana wanaotafuta kazi ng'ambo: hilo si kosa. Lakini hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na jina lake lipo kwenye orodha yao. Ukikuta halipo, usitume hata shilingi. Ukiwa tayari umetapeliwa, piga ripoti kwa polisi, na hifadhi jumbe zote za malipo. Mimi niliona haya nikanyamaza, na huenda mtu yule yule alimla mwingine baada yangu. Hilo ndilo ninalojutia kuliko zile pesa.

Kwa hivyo naomba jambo moja. Kabla ya kutuma pesa kwa mtu usiyemjua, peleka ujumbe huo kwa msimamizi wa wadi yako ausome. Kuuliza ni bure.