Kiti cha kinga kinachoshuka: kabla ya kukaza, tafuta sababu

Maneno ya fundi wa kinga wa chama, mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika karibu sawa vile aliyasema.



Prezida ameniomba niseme juu ya kinga za chama, maana maneno yamekuwa mengi. Mutu anarudisha kinga jioni, mwenzake anaikamata asubuhi, kiti kinashuka njiani. Basi anasema: "Yule wa jana njo aliharibu." Yule wa jana naye anakataa. Tulivuka ziwa pamoja toka Kigoma, leo tunakosana juu ya nati moja. Mimi nataka muone kama mara nyingi hakuna aliyeharibu.

Tena si jambo dogo. Kiti kikishuka vidole vinne, magoti yanabaki yamekunjika na nguvu ya mguu haifike yote ku pedali. Kijana mwenye kupandisha ndagala toka Baraka kuelekea Fizi anachoka mbele ya kilima. Jioni anasikia maumivu ya magoti, kesho hafanye kazi.

Kwanza, tujue ni wapi panashuka. Piga alama ya kalamu ku bomba la kiti, pale linapoingia mu fremu (wengine munasema kadre). Endesha kidogo. Alama ikizama, ubaya uko ku pete ya kukaza ao ku bomba. Alama ikibaki fasi yake lakini pua ya kiti imeinama, ubaya uko juu, ku chuma kinachoshika kiti chenyewe. Pale kaza nati za juu, usisumbue pete ya chini.

Kama alama imezama, angalia masikio mawili ya ile pete, pale nati inapita. Lazima kuwe nafasi kati yao. Kama yamegusana, unaweza kukaza mpaka jasho litoke, bomba halitashikwa. Nguvu yako yote inaishia ku masikio. Hapo watu wengi wanaongeza kle ndefu, nati inakatika, wanasema nati ilikuwa mbaya. Hapana. Bomba ni jembamba kwa ile fremu, ao pete imepanuka.

Na bomba hazifanane. Kuna za milimita 25.4, kuna za 27.2, na zingine nyingi, zinaachana milimita 0.2 tu. Jicho haliwezi kuona hiyo. Mara nyingi namba imepigwa chini ya bomba. Ukienda kununua lingine, beba lile la zamani, soma namba ya yote mawili. Lakini kama la zamani njo lilikuwa linateleza, usichukue sawasawa na lile. Tafuta lenye kuzidi kidogo na linaloingia bila kupigwa nyundo.

Kama hakuna feza ya bomba, chukua kopo la soda. Kata kipande, sugua kona zake zisikate mikono, kizungushe bomba mara moja bila kupandana. Kunja ukingo wa juu kidogo ubaki nje, kisitumbukie ndani. Mzunguko mmoja unaongeza karibu milimita 0.2. Ikiomba zaidi ya miwili, acha, tafuta bomba la kweli.

Mbele ya kurudisha bomba, pangusa mafuta na vumbi ku bomba na ndani ya fremu. Bomba likae kavu. Mafuta kidogo weka ku meno ya nati, njo pale yanasaidia, nati inakaza vizuri. Juu bomba ni kavu, mu masika ulitoe kila mwezi, upanguse kutu, maana likishika kutu halitatoka tena. Na kle iwe ya kipimo cha nati. Pensi inakula kona.

Sasa kuna wenye kusema: tulehemu tu, kazi iishe. Tafazali, hapana. Moto unachosha chuma cha fremu, na kinga iliyolehemiwa ni ya mutu mmoja wa urefu mmoja. Yetu inapandwa na mama mufupi na kijana murefu. Kuhusu urefu: kaa ku kiti, weka kisigino ku pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Lakini bomba libaki ndani ya fremu angalau sentimita 7. Likibaki na mbili, siku moja litapinda ao kuvunja fremu, na wewe uko juu.

Nimalize na ombi kwa komite. Kinga inayoshushwa na kupandishwa kila siku, nati na pete zake zinaisha haraka. Ni kazi inazimaliza, si roho mbaya ya mutu. Basi nati na pete zilipiwe na sanduku la chama, tusimutoze yule wa mwisho kuiendesha. Na kila anayerudisha aandike mu daftari: kiti kilishuka, ao hakikushuka. Nikisoma mistari mitatu ya "kilishuka," nitaifungua mbele haijamuangusha mutu.

Wenye kinga zao nyumbani wazilete pia, tutaangalia pamoja. Mukuje na kopo moja la soda, tupu.