Kazi ya Asubuhi na Ndege wa Uani

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi yaliyotolewa redioni. Somo: Mathayo 6:25-34)

Nawasalimu nyote kwa jina la Bwana wetu Yesu Kristo: wewe uliye jikoni ukipuliza moto, wewe uliye zizini ukikamua, na wewe uliye bado kitandani ukisikiliza redio huku mwingine akikupikia chai. Leo nina neno hasa kwa huyu wa mwisho, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa yeye.

Nyumba yetu iko Kirinyaga, upande wa kusini wa Mlima Kenya, katika shamba dogo lisilofika ekari 2. Tuna migomba, mahindi na maharagwe, kipande cha nyasi za nepia, ng'ombe mmoja wa maziwa, na kuku wachache. Uani pana mparachichi mkubwa, na juu yake wamejenga wale ndege wa manjano wafumao viota, ambao wengine huwaita kwera. Chini ya mabati wamo shomoro.

Jumapili moja nilihubiri juu ya fungu hilo la Mathayo. Nilisema kwa sauti kuu kwamba ndege hawana kazi wala taabu. Hukaa tu juu ya tawi, naye Mungu huwaletea chakula. Nikawaonya Wakristo waache kuhangaika. Watu wakaitikia Amina. Nikarudi nyumbani, nikakuta chakula kiko mezani, nikala, nikapumzika.

Siku 4 baadaye mke wangu aliteleza katika matope akitoka mtoni na jerikeni la maji mgongoni, akavunjika mkono wa kulia. Hospitalini walimfunga plasta, wakasema asiutumie mkono ule kwa majuma 6. Watoto wetu wakubwa walikuwa shule ya bweni, na wadogo hawangeweza kazi nzito. Basi kazi ikawa yangu.

Ndugu zangu, nilisoma miaka kadhaa katika chuo cha theolojia, lakini asubuhi ile ya kwanza nilikuwa mwanafunzi asiyejua hata a na be. Niliamka saa 11 alfajiri. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukakataa kushika. Nikaenda zizini. Ng'ombe ana njia yake ya kumjua mtu. Mikono yangu ilikuwa migeni kwake, nami nilikuwa na haraka, kwa sababu gari la maziwa halimngoji mtu. Akapiga ndoo teke, akayazuia maziwa. Nilipata lita 2, ambapo mama watoto alizoea kupata 6. Yeye alikuwa ameketi mlangoni pa jikoni, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Akaniambia, "Baba watoto, ng'ombe huyu hahubiriwi. Mwoshe kiwele kwa maji ya uvuguvugu, kaa kimya, umngoje."

Baada ya kukamua, kuna uji wa watoto na sare za shule. Kuna kufungulia kuku na kuwatupia mahindi. Kuna kuosha mikebe ya maziwa, kutoa samadi zizini, na kukata nepia, nayo majani yake hukwaruza mikono mpaka ikawasha. Halafu mtoni. Na hayo yote ni kabla ya saa 3, wakati ambapo mimi nilizoea kutoka ofisini kwangu nikiuliza kama chai iko tayari.

Ilikuwa katika juma la tatu, nikikata nepia, ndipo nilipowaona ndege. Siku zote nilikuwa nikiwasikia tu. Kwera dume alitua juu ya unyasi ule ule nilioushika, akaung'ata ukingo wa jani, akaruka nao, akachana ukanda mrefu mwembamba, akaupeleka mparachichini kufuma kiota chake. Akarudi tena, na tena. Sisi wawili tulikuwa tukivuna nepia moja. Na kwera huyu akimaliza kujenga, jike huja kukikagua kiota. Asipopendezwa, huenda zake, na dume hukibomoa, akaanza upya. Nikamwona mmoja akifanya hivyo, akizitupa chini nyuzi alizozifuma kwa siku nyingi. Hakukaa tawini akilia. Akarudi kwenye nepia.

Uani alikuwako yule ndege mdogo mweusi na mweupe atikisaye mkia, akitembea mbele ya jembe na nyuma yake, akiokota wadudu. Chini ya mabati shomoro walikuwa wakiingia na kutoka, midomo imejaa, na makinda yakilia kila mara waingiapo. Tangu alfajiri sikumwona hata ndege mmoja aliyeletewa chakula tawini. Wote walikuwa kazini.

Nikasimama pale na panga mkononi, nikaona haya kwa ajili ya mahubiri yangu. Nilikuwa nimelisoma Neno bila kumtazama ndege. Bwana wetu alisema kwamba ndege hawana shamba la kupanda wala ghala ya kuweka akiba. Hakusema kwamba hawana kazi. Wanafanya kazi kutwa, lakini hawafanyi kazi kwa hofu. Mungu amewawekea wadudu ardhini na mbegu katika majani, na kuzitafuta amewaachia wao. Ukisoma Zaburi ya 104 utaona kwamba ndege wajengao viota, na mwanadamu atokaye kwenda kazini mpaka jioni, wametajwa katika wimbo mmoja, chini ya Mungu mmoja alishaye wote. Naye Luka, katika sura ya 12, anamtaja kunguru, ndege ambaye kitabu cha Walawi kilimhesabu kuwa najisi. Hata huyo hasahauliki.

Lakini kuna jambo lingine lililonichoma zaidi. Kama ndege hulishwa na Mungu kwa njia ya kazi, mimi je, nilikuwa nikilishwa kwa njia ya nani? Miaka yote ile nilikuwa kama kinda lililo chini ya mabati, lenye mdomo wazi. Nilimshukuru Mungu kabla ya kula, na ni vyema. Lakini mkono ambao Mungu aliutumia kunilisha sikuuona, mpaka ulipovunjika.

Tena nikaona neno hili. Jua likizama, saa 12 na nusu jioni, mparachichi hunyamaza. Ndege wote wamelala. Mungu amewapa kazi, na amewapa pumziko. Bali katika nyumba zetu nyingi, saa ile mama bado anapika, anaosha vyombo, anamlaza mtoto, anafua shati la Mchungaji. Ndege wa angani wana pumziko ambalo wake zetu hawana. Je, hilo ni agizo la Mungu, au ni uvivu wetu sisi akina baba?

Usiku ule nilimwuliza mke wangu, "Kwa nini hukuniambia kazi hii ni nyingi hivi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ungeniuliza, ningekuambia. Lakini kila asubuhi ulikuwa ukitazama saa, ukingoja chai." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa afadhali angesema kwa hasira. Nilimwomba msamaha, kisha tukaomba pamoja.

Msikilizaji mpendwa, sitaki kukudanganya. Huenda umeamka leo na debe la unga ni tupu, na kazi umeitafuta hujaipata. Hata kwetu, katika majuma yale 6, mwewe alishuka akachukua vifaranga 2, nami nilikuwa nimesimama karibu. Yesu hakuficha kwamba shomoro huanguka. Alisema kwamba haanguki bila Baba kujua. Kwa hiyo simwambii mwenye njaa kwamba akae tawini angoje. Namwambia kwamba hakusahauliwa. Na wewe uliye na chakula, nakuambia kwamba huenda Mungu anataka kumlisha jirani yako kwa mkono wako, kama alivyokulisha wewe kwa mkono wa mwingine.

Basi leo fanya mambo 2. Kwanza, toka nje, uwatazame ndege wa uani kwako, hata kama ni dakika 5 tu. Uone jinsi wanavyofanya kazi bila wasiwasi, nawe uende kwenye kazi yako vivyo hivyo. Pili, mtafute yule ambaye Mungu anakulisha kwa mkono wake: mke, mama, dada, au msichana aliyeajiriwa nyumbani mwako. Mshukuru kwa kinywa chako. Kisha uchukue sehemu ya mzigo wake, kwa maana shukrani isiyoshika ndoo ni maneno matupu.

Plasta ilitolewa, na mkono wa mama watoto ukapona. Lakini kukamua kwa asubuhi sikumrudishia. Ng'ombe sasa amezoea mikono yangu, nami nimejifunza kukaa kimya na kumngoja. Huko zizini, ndege wakianza kuimba, ndiko ninakoomba sala yangu ya asubuhi.

Na tuombe. Ee Baba, wewe uwalishaye ndege na sisi pia, utufumbue macho tuione mikono unayotulishia. Utusamehe tuliokula bila kushukuru. Uwape nguvu walioamka mapema, uwape pumziko waliochoka, na wasio na kitu uwakumbuke leo kupitia kwetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.