Diski za Zamani na Kompyuta za Sasa: Tunakili Kabla Hazijanyamaza
Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma, Ifakara, Bonde la Kilombero

 

Katika kuzungumza na watumiaji tumezoea kupokea malalamiko ya bei, mizani na bidhaa zilizokwisha muda. Lakini mara nyingi mtu akishamaliza lalamiko lake, hutoa mkobani CD au DVD iliyochomwa miaka mingi iliyopita. Ina harusi, kipaimara, mazishi, nyimbo za kwaya au hesabu za chama cha wakulima wa mpunga. Swali huwa moja: kwa nini kompyuta mpya haiisomi?

Tuanze na kisa cha mama mmoja aliyetujia na DVD tatu alizozifunga ndani ya kanga. Zilikuwa za harusi yake ya mwaka 2009. Katika mojawapo msafara wake unavuka Mto Kilombero kwa kivuko, kwa kuwa daraja lilikuwa bado halijajengwa. Mumewe amekwisha kutangulia mbele ya haki, na sauti yake haipo mahali pengine popote. Binti yao alimnunulia mama kompyuta mpakato, nayo haikuwa na mahali pa kuingiza diski. Akaenda kwa fundi, ambaye alizijaribu mara moja katika mashine yake, kisha akamwambia, "Mama, hizi zimekufa. Tupa tu."

Hakuzitupa. Sisi tulizijaribu katika mashine tatu tofauti. Mbili zilisomeka zote, na ile ya kivuko ilikuwa miongoni mwake. Ya tatu ilisomeka nusu, nusu iliyobaki hatukuipata. Kisa hiki kinatufundisha kwamba diski iliyogoma katika mashine moja si lazima iwe imekufa, na kwamba diski inayosomeka leo haijatoa ahadi ya kesho.

Sababu za diski kugoma ni nyingi. Tutazitaja nne zinazotokea zaidi.

Ya kwanza ni kukosekana kwa kisomeo, yaani kile kidroo kilichokuwa kikichomoza ubavuni mwa kompyuta. Watengenezaji wamekiondoa katika kompyuta nyingi ili ziwe nyembamba na nyepesi. Dawa yake ni kisomeo cha nje kinachounganishwa kwa waya wa USB. Kikiwashwa kisha kikazimika, au kikilia bila kusoma, huenda hakipati umeme wa kutosha. Badilisha tundu, au tumia waya wenye vichwa viwili.

Ya pili ni programu. Kompyuta inaiona diski lakini haiwezi kuicheza. Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, na matoleo yaliyofuata kwa kawaida hayakuja na uwezo wa kucheza DVD za video. Hapo diski haina kosa. Programu ya VLC, inayopatikana bila malipo, hucheza DVD hizo pamoja na zile video za zamani zilizochomwa kwenye CD, ambazo mafaili yake huishia na herufi DAT.

Ya tatu ni diski ambayo haikufungwa. Aliyeichoma alipaswa kumalizia kwa hatua ya kuifunga ili mashine nyingine ziweze kuisoma. Wengine waliiruka hatua hiyo kwa haraka, au waliiacha makusudi ili waongeze mafaili baadaye. Diski ya namna hiyo inaweza kuonekana tupu katika kompyuta mpya. Ijaribu katika mashine iliyoichoma, kama ingalipo, au katika kompyuta ya zamani yenye uwezo wa kuchoma diski. Kompyuta ikikuuliza kama unataka kuiandaa diski hiyo ili uiandikie upya, kataa. Swali hilo halina maana kwamba diski haina kitu.

Ya nne ni uchakavu, na hii ndiyo inayotutia hofu zaidi. Diski ya kiwandani hugongwa muhuri wa vishimo vidogo mno. Diski iliyochomwa haina vishimo hivyo. Ina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza hulibadilisha. Rangi hiyo hudhoofika kwa joto, unyevu na jua. Nanyi mnalijua bonde lenu: joto lake, ukungu wake, na maji ya masika yanayoingia hadi mlangoni. Diski iliyokaa miaka kumi na mitano juu ya kabati chini ya bati haiko katika hali sawa na iliyotunzwa mahali pakavu na pa baridi. Aidha, visomeo havilingani nguvu. Kimoja hushindwa na diski iliyofifia, kingine kikaisoma. Ndiyo maana tunasema: usikubali hukumu ya mashine moja.

Sasa tuseme la kufanya.

Kabla ya yote, itazame diski. Kama ina vumbi, ifute kwa kitambaa laini kisicho na nyuzi, ukitoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Kama imeingia tope la mafuriko, isuuze kwa maji safi na uikaushe kivulini. Usiianike juani. Usiipake dawa ya meno, mafuta ya taa wala petroli, hata kama jirani atakuapia kwamba yake ilipona. Kumbuka pia kwamba katika CD upande wa maandishi ndio dhaifu zaidi, kwa sababu tabaka lenye kumbukumbu liko chini yake kidogo tu. Usiuandike kwa kalamu ya ncha ngumu, wala usibandue karatasi iliyogandishwa juu yake.

Diski ikifunguka, usianze kuitazama. Nakili kwanza. Tumewaona watu waliokaa kufurahia harusi, diski ikakwama katikati na isisomeke tena. Kama kunakili kwa mkupuo kunakatika, nakili faili moja moja, ukianza na yale unayoyathamini zaidi. Weka nakala mahali pawili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye diski kuu ya nje. Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu aliyeko Morogoro au Dar es Salaam, ili mafuriko, moto au mwizi asichukue zote. Flashi nayo si ya milele. Ifungue angalau mara moja kwa mwaka uhakikishe kwamba mafaili yangalimo. Diski ya asili usiitupe.

Anza na diski ambazo hazina nakala nyingine duniani. Filamu za madukani zinaweza kupatikana tena. Sauti ya mzazi aliyefariki haipatikani.

Ndugu zetu, wengi wenu mtahitaji msaada wa fundi, na hapa ndipo haki zenu zinapoingia. Mafundi wengi ni waaminifu na wanaijua kazi yao. Hata hivyo, kubalianeni bei kabla ya kazi kuanza, na mkubaliane pia itakuwaje diski isiposomeka. Muulize ataijaribu katika mashine ngapi. Hesabuni diski pamoja, mwandikiane idadi yake. Kazi ikikamilika, fungua nakala mbele yake, itazame mwanzo, katikati na mwisho, ndipo ulipe na kudai risiti.

Anayekwambia kwamba atarudisha kila kilichopotea, kwa hakika na kwa bei kubwa, mwogope. Vivyo hivyo anayekuuzia diski mpya akidai kwamba itadumu daima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja, na malalamiko ya namna hiyo hupokelewa na Tume ya Ushindani. Risiti yako na maandishi ya makubaliano ndiyo ushahidi wako.

Jambo la mwisho ni siri zako. Ndani ya diski mna sura za watoto, vyeti, pengine na hesabu za benki. Tangu kutungwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayepokea taarifa za mtu kwa kazi fulani hana ruhusa ya kuzitumia kwa jambo jingine apendavyo. Mwambie fundi afute nakala iliyobaki katika mashine yake, na afute ukiwa unaona. Video ya harusi yako haipaswi kuwa tangazo la duka lake bila ridhaa yako.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili tungeongeza kwamba kuna kuta ambazo hazijengeki tena. Yule mama alituuliza kuhusu ile nusu iliyopotea: kama angekuja miaka mitano kabla, je, ingepatikana? Tulimjibu kwa ukweli kwamba huenda ingepatikana. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wadogo zake wana diski zao Mahenge, naye atawapigia simu usiku uleule.

Nasi tunawaomba mfanye hivyo. Mkifika nyumbani leo, fungueni kabati, toeni zile diski, mzihesabu. Mwenye kisomeo amwazime jirani. Mwenye swali abaki nasi baada ya mazungumzo haya. Tumekuja na visomeo viwili, na tutawasaidia kuzijaribu bila malipo.