TAARIFA YA TAWI: Ramani ya mafuriko na ukweli wa maji yetu

*KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, KURASINI*

Haya ndiyo maneno tuliyoyasoma kwenye kikao cha Jumapili. Tunayatuma kwa ambao hawakufika, na kwa wale waliofika wakaondoka kabla ya mengineyo.

Kidumu Chama!

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, wajumbe wa Halmashauri Kuu ya Tawi, mabalozi wetu wa mashina, wazee wetu, akina mama na vijana.

Ajenda ni moja. Ramani ya maeneo yanayojaa maji mtaani kwetu inatakiwa kuhuishwa kabla ya masika, na sisi wakazi ndio tutakaoulizwa. Kabla ya kuulizwa, tuambiane ukweli humu ndani.

Mara ya mwisho walipopita vijana na vishikwambi vyao kuuliza maji yalifika wapi, wengi wetu tulijibu kwamba maji huishia kwenye ngazi. Mpangaji mmoja alitaka kusema yanaingia hadi chini ya godoro, mwenye nyumba akamkata jicho. Tunasema “wengi wetu” kwa sababu na sisi viongozi wa tawi tulikuwepo, tukanyamaza.

Sababu tunaijua wote. Desemba 2015 tuliona nyumba za bonde la Msimbazi zikiwekewa alama ya X nyekundu, kisha tingatinga likapita. Hapa Kurasini nako tumezoea kuona watu wa tathmini, mwisho majirani wanahama na mahali pao panakuwa yadi ya makontena. Mtu aliyeyaona hayo akiona kishikwambi anafikiria bomoabomoa. Hatumlaumu.

Lakini tuone tulichokipata. Masika yaliyofuata tulijaa maji kama kawaida. Tukaenda kudai mfereji. Ofisi tuliyofika ikatufungulia ramani: upande wetu mweupe, pakavu kabisa, na orodha ya kazi imepangwa kwa kufuata ramani hiyo. Tukabishana pale karibu saa nzima. Baadaye mzee wetu mmoja akauliza kwa upole, “Sasa aliyesema pakavu ni nani?” Tukarudi nyumbani kimya.

Wenzetu wa hesabu wanajua kitu kinaitwa usuluhishi wa benki. Daftari lako linasema una shilingi fulani, benki inasema nyingine, nawe huwezi kufunga mwezi mpaka ujue tofauti imetoka wapi. Ramani ya zamani ni bakaa ya zamani. Ukiihamisha mwaka hadi mwaka bila kuisuluhisha, kosa linakuwa rasmi.

Na Kurasini imebadilika sana. Mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitembea kata nyingi za jiji pamoja na wakazi, wakachora nyumba, mitaro na mahali maji yanapofika, na ramani ikawekwa wazi kwa kila mtu. Kazi nzuri, iliyokuja baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini na kupeleka familia nyingi Mabwepande. Lakini tangu 2015 daraja la Kigamboni limefunguliwa (Aprili 2016), barabara ya Kilwa imejengwa upya kwa ajili ya mwendokasi, na yadi zimeongezeka. Kila ukuta mrefu na kila tuta la barabara hugeuza njia ya maji. Uwanja uliokuwa unanywa mvua leo ni zege.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa ofisini hawezi kulijua bila sisi: bamvua. Mvua ileile ikinyesha maji ya bahari yamekupwa, mtaro unavuta na baada ya saa mbili tumekauka. Ikikuta bamvua limejaa, maji ya mtaro hayana pa kwenda, yanarudi nyuma kwetu. Kwa hiyo ukiulizwa yalifika wapi, taja na saa, na kama bahari ilikuwa imejaa au imekupwa. Wavuvi na akina mama wa samaki tunawategemea hapa kuliko mtu mwenye diploma.

Sasa, nani anafanya nini? Sheria ya maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na mtaa. Barabara zetu za ndani ziko TARURA, barabara kuu TANROADS, mito iko Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, utabiri wa mvua uko TMA, na mipango iko manispaa ya Temeke. Maji hayajui mpaka wa TARURA na TANROADS, yanapita kalavati la huyu yakatokee mtaro wa yule. Kwa hiyo tunamwomba Mheshimiwa Diwani, ambaye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, awaite wahusika wote kikao kimoja, mbele ya ramani moja. Na nakala ya ramani irudi mtaani, ibandikwe ubao wa ofisi ya Serikali ya Mtaa, kila mtu aione nyumba yake na aweze kuikatalia.

Wengi wameuliza: mnatuahidi hatutabomolewa? Hapana, hatuna mamlaka hayo, na atakayewaahidi anataka kura. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Ipo tukichorwa, ipo tusipochorwa. Tunachoweza kuahidi ni kwamba atakayekuja na ramani hiyo kwa nia ya kuhamisha watu atakuta tawi na wakazi wana nakala, tarehe na sahihi. Tukiendelea kudanganya, tutahamishwa na maji yenyewe, bila fidia wala mfereji.

Kazi ni Jumamosi, saa 2 asubuhi, tukutane ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mtendaji wa Mtaa atakuwepo. Kila balozi aje na daftari. Tutapita nyumba kwa nyumba na chaki, tuweke alama ukutani maji yalipofika: kifundo, goti au kiuno. Tuandike pia nyumba zenye wagonjwa, wazee na wasioweza kutembea, ila majina hayo yaishie kwenye daftari, yasitumwe humu kwenye kundi. Tutapita nyumba za wasio wanachama vilevile. Hii si kazi ya kadi, kwa hiyo sare tuziache nyumbani siku hiyo.

Wenye nyumba, tafadhali waacheni wapangaji waseme.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Sekretarieti