Dubai: Nyumba inayotii amri bila waya

Mjini Dubai, ambako joto la Julai na Agosti hupita nyuzi 40, kiyoyozi si anasa. Ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya umeme, na ndipo wanapoanzia wengi wanaounganisha vifaa vya nyumbani na programu ya kompyuta: kizimike chenyewe mwenye nyumba atokapo, kiwake kabla hajarejea.

Dukani kazi hiyo husikika nyepesi. Kikwazo cha kwanza huwa ni masafa. Vifaa vya mfumo wa Z-Wave vilivyotengenezewa Marekani hutumia megahezi 908, ilhali Umoja wa Falme za Kiarabu, sawa na Ulaya, hutumia 868. Aliyeagiza kitasa cha mlango kutoka Marekani, kisha akanunua kifaa kikuu Dubai, atangoja bure, mithili ya msikilizaji aliyefungua redio kwenye bendi isiyo na kituo chake. Mara nyingi hakuna programu itakayotibu kosa hilo, kwani limo ndani ya chombo chenyewe. Zigbee, inayotumia gigahezi 2.4 takriban kote duniani, haina tatizo hilo. Kuta za zege huidhoofisha, lakini balbu na soketi zake nyingi zenye umeme hupokea ujumbe na kuupeleka mbele.

Swali zito zaidi ni mahali pa kuweka akili ya nyumba. Vifaa vingi vya bei nafuu hupeleka kila amri kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Mwezi Mei mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv, na vifaa vilivyouzwa kwa takriban dola 300 vikawa makopo matupu. Programu ya Home Assistant, iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, hukaa katika kompyuta ndogo humo humo nyumbani. Intaneti ikikatika, taa bado hutii. Kwa mfanyabiashara anayepeleka mzigo Mombasa au Dar es Salaam, ambako plagi ni ile ile ya pini tatu, jambo hilo lina uzito kuliko bei.

Katika nyumba nyingi za Dubai wamo pia wafanyakazi wa nyumbani, baadhi yao wakitoka Kenya na Uganda. Sheria ya mwaka 2021 ya kupambana na uhalifu wa mitandao inaadhibu kuingilia faragha ya mtu kwa kumpiga picha bila ridhaa yake, na faini yake huanzia dirham 150,000.

Kifaa kinachohisi mwendo hakipigi picha. Hata hivyo, programu huandika saa mfanyakazi alipoamka, saa alipofungua jiko, saa mlango wake ulipofungwa. Home Assistant huhifadhi kumbukumbu hizo kwa siku 10, mwenyewe asipobadilisha. Tajiri huzisoma kwenye simu akiwa kazini. Aliyeandikwa humo mara nyingi hajui kwamba zipo.